Tulimpeleka Babu Amani

Mlango wa mbele wa nyumba yetu ni wa mvule. Baba alinunua mbao zake mwaka 1983 kwa bei ya wafanyakazi, akamtafuta fundi wa Ngamiani, wakauchonga na kuuweka, na toka siku hiyo haujapinda wala kuliwa na mchwa. Masika yakishika, milango ya majirani inavimba na kukwama. Wetu unafunguka kwa kidole. Nimezaliwa nyuma ya mlango huo, nimemleta mke wangu kupitia mlango huo, na mpaka mwezi wa sita mwaka huu sikuwa nimewahi kumuuliza baba yangu mti wake ulisimama wapi.

Tulichojua sisi watoto ni kwamba alipokuwa kijana Baba alifanya "kazi ya mbao" kule Amani, milimani juu ya Muheza, miaka saba, kwenye kampuni moja iliyokuwa ikivuna magogo msituni. Ukimuuliza zaidi anakuhamishia kwenye mpira. Anakuelezea ubingwa wa Coastal Union wa 1988, goli kwa goli, mpaka unasahau ulichokuwa unauliza. Tukaacha.

Mwaka huu magoti yamemsumbua sana. Jioni moja tumekaa barazani, mimi nasafisha koki ya mteja (mimi ni fundi bomba, hapahapa Tanga), akaniambia bila kunitazama, "Mwanangu, shule zikifunga nipeleke Amani. Mwakani sina hakika na hii miguu." Nikasema, "Sawa, Baba." Sikuongeza neno, maana nilijua nikichimba ataghairi.

Shule zilipofunga tukaazima Noah ya shemeji yangu. Tulikuwa sita: Baba, mimi, mama watoto, binti yetu mkubwa wa miaka 14, mdogo wake wa kiume wa miaka 11, na kitinda mimba wetu, msichana wa miaka minane ambaye babu yake humwita "bibie". Mama alikataa kata kata. "Baridi ya kule naijua. Nendeni, Mungu awatangulie." Akatufungia mikate ya ufuta na thamosi mbili za chai ya tangawizi, na kila mtu akaamrishwa kubeba sweta, jambo ambalo mtu wa Tanga hulifanya kwa kumtii mama tu.

Muheza mwezi wa sita ni machungwa. Yamepangwa kando ya barabara kwa mafungu, kwa matenga, kwa magunia, na harufu ya maganda inakuingia mpaka kwenye gari. Tukanunua tenga zima. Hapo unaiacha barabara kuu, unaelekea milimani, kilomita 30 na ushei. Unapita minazi, mihogo, michungwa, miembe, na ghafla unaona ukuta wa kijani mbele yako na wingu limekaa juu yake kama kilemba. Ndiyo Usambara Mashariki.

Sigi ndipo unapoingilia hifadhini. Tukasimama kujiandikisha na kulipa kiingilio, na ndipo Baba akaanza kubadilika. Njia nzima alikuwa amefumba macho. Pale akashuka mwenyewe, bila mkongojo, akaenda kusimama mbele ya jengo la zamani la Wajerumani, akagonga ukuta wake kwa vidole kama mtu anayebisha hodi. "Hiki kilikuwa kituo cha treni," akawaambia wajukuu. "Reli ilitoka Tengeni ikaishia hapa." Wajerumani waliijenga kuteremshia magogo ya msitu huu, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Reli haipo tena. Mwanangu wa kiume akazunguka jengo lote akitafuta japo kipande cha chuma.

Kutoka Sigi gari linapanda kona baada ya kona kwa gia namba 1. Sigi iko kama meta 450 juu ya usawa wa bahari, Amani iko karibu 900, na tofauti hiyo unaisikia masikioni kwanza, kisha kwenye ngozi. Kitinda mimba alitapika mara mbili. Miti ikawa mirefu mpaka ukichungulia dirishani huoni vilele vyake. Tulipofika, ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini na watu wote sita tulikuwa tumevaa sweta za Mama bila kuambiwa.

Nilikuwa nadhani Amani ni kijiji tu chenye msitu. Kumbe hapo Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pande zote za dunia kuijaribu: mikafuri, miti ya mpira, mianzi, minazi ya ajabu ajabu, na mkwinini, ambao gome lake walilitengenezea dawa ya malaria wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, njia za baharini zilipozibwa. Waingereza nao wakaja na utafiti wao, kisha ukafuata utafiti wa malaria wa miaka mingi. Bustani ile ya miti bado ipo, na nyumba za zamani zenye mabati mekundu bado zimesimama kwenye ukungu. Lakini kilichotupeleka hakikuwa hicho. Kuizunguka bustani kuna msitu ambao haukupandwa na mtu yeyote. Mwaka 1997 serikali iliufanya hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo nchini, hekta 8,380.

Asubuhi yake tulimpata mwongozaji, kijana wa Kisambaa anayetoka Shebomeza. Akamwamkia Baba shikamoo kwa mikono miwili, Baba akaitikia marahaba na papo hapo akamuuliza ukoo wake, wakaendelea kwa Kisambaa dakika kumi nzima wakati sisi tunasubiri. Walipomaliza kijana akatwambia, "Leo tutakwenda mwendo wa mzee." Na alitimiza. Kila penye mteremko alitangulia na kumpa Baba bega.

Jambo la kwanza alilotuagiza ni kuingiza suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Mama watoto alivaa gauni refu, akasema yeye ataangalia njia tu. Hatukufika hata nusu saa. Siafu walikuwa wamekatiza njia kama utepe mweusi unaotiririka, askari wenye vichwa vikubwa wamesimama pembeni wametanua meno, na yeye alikuwa ameinua macho kumtafuta mbega aliyekuwa akiunguruma juu. Sitasimulia zaidi. Watoto wanaikumbuka vizuri kuliko ninavyoweza kuiandika.

Ndani ya msitu mkongwe mwanga ndio unaokushangaza kabla ya miti. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la kipupwe liko wazi kule nje, na humo ndani ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Juu kabisa kuna miti mikubwa iliyofungana, chini yake mingine ya kimo cha kati, chini yake tena midogo, halafu vichaka, halafu kangaga. Mwanga unapita kwenye vichujio vinne kabla haujakufikia. Kamba za msitu zinaning'inia toka juu, nyingine nene kama bomba la inchi 4, zimejisokota kwenye shina moja, zikavuka hewani, zikakamata shina la pili. Na ardhi haitoi sauti. Tulikuwa watu saba na nyayo zetu hazikusikika.

Mwongozaji akamwita binti yangu mkubwa, akamwambia atie mkono ardhini. Akapiga magoti. Juu kulikuwa na majani makavu, akayafunua. Chini yake majani yaliyooza nusu, meusi, yamebaki mishipa tu, yameshikana kwa nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui, ambazo ni kuvu. Chini yake tena udongo mweusi ambao aliweza kuuchota kwa vidole bila kutumia nguvu. Mkono ulizama mpaka kiwikoni. "Baridi," akasema, "na umelowa, Baba, shika." Nikashika. Ulikuwa kama sponji. Siku ile ilikuwa ya nne bila mvua, mwongozaji akatwambia. Nikaminya kiganja na maji yakatoka katikati ya vidole vyangu. Nimefanya kazi ya maji miaka 17, nimefunga matangi ya kila ukubwa mji huu, na sijawahi kuona tangi kama lile.

Tulipofika kwenye mti wa mnyasa Baba alisimama. Mimi ningeupita nikidhani ni ukuta wa jabali. Mizizi yake imetoka kwenye shina kama mbao zilizosimama wima, mirefu kunizidi kimo, na katikati ya mbao hizo kuna vyumba vinavyoweza kuingiza mtu na kiti chake. Kitinda mimba aliingia chumba kimoja akapotea. Tulijaribu kuuzunguka kwa kushikana mikono, watu sita, Baba amekaa kwenye gogo anatuangalia, na mikono haikukutana. Juu ya matawi yake kuna bustani nyingine kabisa: kangaga, okidi, majani ya kijani yanayofunika gome kama zulia, vyote vinaishi kule hewani na kunywa ukungu.

Pembeni palikuwa na mti mwingine ulioanguka njiani na kukatwa ili watu wapite. Mwanangu wa kiume akakimbilia sehemu iliyokatwa kuhesabu duara za umri, kama alivyofundishwa shuleni. Hazikuonekana vizuri. Mwongozaji akamweleza kwamba miti mingi ya huku si rahisi kuihesabu miaka kwa njia hiyo, kwa sababu hakuna majira ya barafu ya kuisimamisha isikue, na unyevu hauikatikii. Kijana wangu hakuridhika. Alibaki nyuma akipitisha kucha kwenye ubao.

Kinyonga nisingemwona hata kwa tochi. Mwongozaji aliinama, akainuka na jani kavu kwenye kidole, na jani likafungua jicho. Hakuwa mrefu kuliko kidole changu cha shahada. Mkia mfupi, rangi ya udongo, na ubavuni ana mistari iliyochorwa sawasawa na mishipa ya jani. Akamweka kwenye kiganja cha bibie kwa muda mfupi tu. Mtoto akashtuka, akaninong'oneza, "Anatetemeka kama simu." Ni kweli. Vinyonga hawa wa majani wakishikwa hutetemeka mwili mzima, hata mimi nilipogusa kwa ncha ya kidole nilisikia ile mitetemo. Tukamrudisha palepale alipotolewa, na baada ya sekunde mbili hatukumwona tena ingawa sote tulikuwa tunapatazama.

Kinyonga yule hapatikani mahali pengine duniani ila milima hii. Na si yeye peke yake: kuna ndege, vyura, konokono na miti ambayo makazi yake ni hapa tu. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Zamani sana, dunia ilipopoa na kukauka na misitu mingi ya Afrika ikarudi nyuma, milima hii iliendelea kupata unyevu wa Bahari ya Hindi, na misitu yake haikukatika. Tunazungumzia mamilioni ya miaka. Kila mlima ukabaki kama kisiwa, na viumbe vyake vikachukua njia yake. Nilipokuwa nikisikia "msitu wa zamani" nilifikiria umri wa mti mmoja mmoja, miaka 200, miaka 300. Pale ndipo nilipoelewa kwamba mti ni mpangaji tu, nyumba ni ya kale zaidi.

Karibu na kijito mwongozaji alituonyesha ua la zambarau limeota kwenye jabali lililolowa, petali tano na katikati njano, majani yake yana vinyweleo laini kama mahameli. Wasambaa huliita dughulushi. Mama watoto, ambaye tangu siafu alikuwa hazungumzi sana, akasema, "Hili si lile la kwenye vyungu, hotelini?" Ndilo. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwa baba yake Ujerumani, na toka huko limeenea kwenye madirisha ya dunia nzima. Huku kwao linahitaji jabali, kivuli na unyevu wa msitu, na mahali msitu ulipoondoka nalo limeondoka. Hata huku kwetu kwenye majabali ya Amboni lilikuwepo. Mke wangu alilitazama kwa muda mrefu, akapiga picha moja tu.

Siku ya pili Baba akasema, "Leo Kwamkoro." Hakumwambia mwongozaji, aliniambia mimi.

Tulipita kando ya mashamba ya chai, yamekatwa sawa kama mkeka uliotandikwa mlimani, kisha tukaingia kwenye miti. Watoto walifurahi, maana palikuwa na mwanga. Miti imenyooka, mirefu, mashina ya kijivu yamesimama kama nguzo, na chini kuna vichaka unavyoweza kuona juu yake. Nakiri kwamba mimi nilipapenda. Nilisema kwa sauti kabisa, "Hapa msitu umerudi vizuri." Baba akanijibu, "Huu ni msizi, mwanangu. Wote unaouona ni msizi." Akapigapiga ardhi kwa mkongojo. Ilitoa sauti. Akaufunua kidogo kwa ncha: majani juu, na mara moja udongo mwekundu, mkavu.

Akakaa kwenye jiwe. Na baba yangu, ambaye kwa miaka 39 nimemjua kwa habari za mpira, akaanza kusimulia.

Kazi yake ilikuwa kufunga minyororo. Mkataji akishaangusha mti, wao walishuka korongoni na mnyororo, wanaupitisha chini ya gogo, wanaufunga, wanampigia dereva mluzi, na winchi inavuta. Gogo linapanda mlima likichimba mfereji nyuma yake. Mti mkubwa ukianguka hauanguki peke yake, umefungwa kamba na wenzake huko juu, kwa hiyo unavuta miti mingine mitano, sita, ambayo hakuna aliyeitaka na inabaki inaoza. Trekta linahitaji barabara, na barabara inahitaji kukata zaidi. "Mvua ikinyesha," akasema, "kijito kile pale kilikuwa kinashuka chekundu kama chai ya maziwa. Tulikuwa tunachota maji ya kupikia, tunasubiri mpaka asubuhi yatuwame, ndiyo tunapika."

Bibie alikuwa amekaa miguuni pake. Akauliza, "Babu, wewe ndiye uliyeikata?"

Nilitaka kuingilia. Baba akaniwahi. "Mimi nilikuwa nafunga minyororo, bibie. Mwingine alikuwa anakata." Akanyamaza, kisha akasema, "Lakini ndiyo. Sisi ndio tuliokata."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mwongozaji alikuwa ameinamisha kichwa, kwa adabu. Nataka niandike hapa wazi ninachokiona mimi, kwa sababu nimekifikiria toka siku hiyo. Baba yangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, Mbondei wa Muheza asiye na shamba la kutosha, na kazi ile ilikuwa ya mshahara. Kwa mshahara ule alinunua kiwanja, akajenga nyumba, akamsomesha kaka yangu mpaka ualimu. Ada yangu ya ufundi ilitoka kwenye duka alilolifungua kwa akiba ya Kwamkoro. Nimekula msitu ule. Siwezi kusimama juu ya jiwe nikamlaumu yeye, na pia siwezi kutazama ardhi ile kavu nikasema hakuna kilichopotea.

Kwanza, kwa nini msizi? Mti huu kwao ni kule Ukanda wa Ziwa Victoria, Bukoba na Uganda. Uliletwa Amani mapema karne iliyopita, na baadaye ukapandwa kwa wingi mahali palipovunwa magogo, kwa kuwa unakua haraka kuliko chochote. Tatizo likawa ndege. Wakati mwongozaji anaeleza, hondohondo wawili walipita juu yetu, na mlio wa mbawa zao ni mzito, kama mtu anayesukuma pampu ya baiskeli kubwa. Hondohondo wanapenda matunda ya msizi. Wanayala, wanakwenda, wanaziangusha mbegu popote penye uwazi, hata ndani ya msitu wa asili mti mmoja tu ukianguka. Msizi unaota, unajaza pengo kabla mnyasa haujatoa jani la tatu. Kutoka mbali mlima ni kijani uleule. Ndiyo maana mimi, mwenye macho mawili, nilidanganyika.

Uvunaji wa mashine ulisimamishwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 80, baada ya wanasayansi kupaza sauti. Matrekta na misaada ya uvunaji ilitoka Ufini, na ni Ufini hiyohiyo iliyokuja kusaidia mradi wa kuulinda msitu miaka ya 90. Baba aliposikia hivyo kutoka kwa mwongozaji alitikisa kichwa, akasema, "Basi nao walijifunza." Yeye alikuwa ameshaacha kazi mwaka 1984, mguu wake ulipobanwa na gogo. Hilo nalo nilikuwa silijui. Nilidhani ni baridi yabisi.

Kuna jambo moja ambalo fundi bomba hawezi kuacha kulisema. Vijito vya upande ule vinaingia mto Zigi. Zigi unashuka, unafika bwawa la Mabayani, na kutoka Mabayani ndiko yanakotoka maji ya jiji la Tanga. Kila bomba nililofunga Mikanjuni, Duga, Chumbageni, mwanzo wake ni kule. Watu wanadhani maji ni mvua. Mvua inanyesha siku chache na kuondoka; ingekuwa ni mvua tu, bwawa lingejaa tope mwezi wa nne na kukauka mwezi wa pili. Kinachofanya Zigi utembee Januari na Februari, jua likichoma mpaka lami inalainika, ni lile sponji ambalo binti yangu alizamisha mkono hadi kiwikoni. Ukungu wa bahari unagonga majani, unageuka matone, matone yanadondoka hata siku isiyo na mvua, majani yaliyooza yanayameza, na ardhi inayaachia polepole, tone kwa tone, mwaka mzima. Msitu wa umri ule umejitengenezea tangi lake kwa muda ambao hatuna hesabu yake. Naweza kupanda miti 1,000 kesho na nitafurahi kuipanda. Lile zulia siwezi kulipanda.

Siku ya mwisho, tukiteremka, tulipita kwa wafugaji wa vipepeo. Mradi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000: wanavijiji walifuga vipepeo vya msitu na kuuza pupa, yaani kipepeo angali ndani ya ganda lake, nje ya nchi, kwenye nyumba za maonyesho, ili mtu apate kipato bila shoka. Mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai, na vipepeo vikaingia humohumo. Nawaombea wapate njia, kwa sababu nimeona kwa baba yangu mtu anachofanya asipokuwa na kazi nyingine.

Sigi, Baba aliomba tusimame mtoni. Alivua viatu, akakunja suruali, na mama watoto akamshika mkono akaingia mpaka kwenye magoti yale mabovu. Maji yalikuwa meupe, unaona kila kokoto. Alikaa humo kwa muda ambao watoto walimaliza machungwa manane. Nikamwambia, "Baba, baridi." Akasema, "Niache kidogo. Yametuwama."

Tulifika nyumbani saa mbili usiku. Mama alikuwa ametupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tulipokuwa tunashusha mizigo, mwanangu wa kiume alisimama mlangoni, hakuingia. Akauliza, "Babu, huu mvule ulitoka kule?" Baba akamwambia ulitoka bondeni, chini ya Sigi, na kwamba gogo lake alilifunga yeye mwenyewe, analikumbuka kwa sababu mnyororo ulikatika mara mbili. "Ulikuwa na miaka mingapi?" Baba akasema hajui, na kwamba alishaambiwa na mwongozaji miti ya huku haihesabiki. Kijana hakujibu. Akafungua mlango hadi nusu, akachuchumaa pembeni yake pale ubao ulipokatwa na unapoonyesha nyama yake, akaanza kuhesabu mistari kwa ukucha. Alipofika sitini na kitu akaniita nimletee tochi.